Njia ya Mtaalamu wa Mamba wa Bahari: Kutoka Shishiyu hadi Tendaguru

Mwamba wa Shishiyu hauna mfupa wa mnyama wa baharini. Uchimbe masika na kiangazi, ushuke chini kuliko kisima chochote cha Maswa, utakutana na graniti na jamaa zake tu: mawe yaliyoiva ndani ya ardhi zaidi ya miaka bilioni 2.5 iliyopita, wakati duniani hakukuwa na samaki, hakukuwa na mti, hakukuwa hata na jani. Juu yake umelala mchanga wa luseni kwenye miinuko na udongo mweusi wa mbuga mabondeni, ule unaotupa pamba na kutunasia magurudumu ya baiskeli mvua zikianza. Usukuma yote imekaa juu ya kipande hiki cha kale sana cha Afrika, kipande ambacho bahari za zama za dinosaria zilikizunguka kwa mbali bila kukipanda.

Nayasema haya kwa sababu ya swali la mpwa wangu, mwanafunzi wa shule ya msingi, aliyeona kitabuni picha ya reptilia mkubwa mwenye mapezi na meno marefu. "Mjomba, huku kwetu bahari ilifika?" Ziwa Victoria, ambako mto Simiyu unamwaga maji yake, halimsaidii kupata jibu. Ziwa lile ni kijana. Umri wake unakadiriwa kuwa miaka 400,000 hivi, na kiasi cha miaka 15,000 iliyopita au zaidi kidogo lilikauka kabla ya kujaa tena. Mnyama wa kwenye picha aliishi miaka milioni 180 iliyopita. Anayetaka kuikaribia bahari yake kutoka Shishiyu hana budi kushuka pwani, kusini hasa, mpaka mkoani Lindi, kwenye kilima cha Tendaguru.

Wengi wanaijua Tendaguru kwa dinosaria wake wa nchi kavu. Mimi nilivutwa na jambo lisilosemwa sana: mtaalamu wa kwanza kufika pale na kuutangazia ulimwengu wa sayansi kwamba pana mifupa ya ajabu alikuwa mtu wa bahari. Jina lake Eberhard Fraas, mlinzi wa hazina ya mambo ya asili mjini Stuttgart, Ujerumani. Miaka mingi kabla hajaiona Afrika, alikuwa amezama katika wanyama wa aina ile ya picha ya mpwa wangu, na nimeamini kwamba njia ya Tendaguru haieleweki vizuri bila kwanza kupitia kwao.

Karibu na Stuttgart kuna kijiji kiitwacho Holzmaden. Chini ya mashamba yake kuna mwamba mweusi unaochanika kurasa kwa kurasa, uliokuwa tope la sakafu ya bahari katika kipindi cha Jurasiki. Maji ya chini kabisa ya bahari ile yalikuwa hayana oksijeni ya kutosha. Mnyama akifa na kuzama, hapakuwa na kaa wa kumnyofoa wala minyoo ya kumfumua, kwa hiyo alilala mzima mpaka tope likamfunika. Wachonga mawe wa Holzmaden walikuwa wakipasua vigae vya kujengea na kukutana na iktiosauri wakiwa kamili: watambaazi wenye umbo la pomboo, mdomo mrefu, macho makubwa kupita kiasi. Katika jamaa zao wakubwa jicho moja lilizidi sentimita 20 kwa upana. Walipumua hewa kama sisi. Hawakupanda ufukweni kutaga mayai kama kasa, walizaa baharini, na katika mawe yale wameonekana majike yaliyokufa yakiwa na watoto tumboni.

Kabla ya Fraas wataalamu walikuwa wamegawanyika juu ya umbo la mnyama huyu. Uti wa mgongo wa iktiosauri hukunjika ghafla kuelekea chini karibu na mwisho wa mkia. Wengine walidhani umevunjika baada ya kifo. Richard Owen wa Uingereza alihisi mapema, mwaka 1838, kwamba mkunjo ule ulibeba pezi. Mwaka 1892 Fraas alichapisha habari za kisukuku kutoka mwamba wa Holzmaden ambacho ngozi yake ilikuwa imebaki kama kivuli cheusi kuuzunguka mfupa. Kivuli kilionyesha pezi la mgongoni, ambalo halina mfupa wowote ndani yake, na mkia wenye panda mbili, uti ukiingia katika panda ya chini. Hoja ikaisha. Miaka tisa baadaye, mwaka 1901, akalipatia jina kundi la mamba wa kale waliorudi baharini: Thalattosuchia. Baadhi yao walipoteza magamba magumu ya mgongoni, miguu ikageuka makasia na mkia ukaota pezi. Kwa mtu wa Kanda ya Ziwa, anayemjua mamba na hatari yake kwenye kingo za maji, inafaa kutulia kidogo na kumwaza mamba asiyehitaji tena ukingo.

Basi mtu huyo ndiye aliyekuwa Afrika Mashariki ya Kijerumani mwaka 1907, akiwa amekuja kwa kazi nyingine ya kuchunguza ardhi na madini. Mwaka mmoja nyuma yake mhandisi Bernhard Wilhelm Sattler, aliyefanya kazi katika kampuni ya kutafuta madini ya Lindi, alikuwa njiani kusini mwa mto Mbwemkuru alipoona mifupa mikubwa imejitokeza juu ya udongo, kandokando ya njia ya miguu. Ilikuwa njia ya watu. Wenyeji walipita hapo kila siku, na mifupa ile haikuwa siri kwao. Sattler alitoa taarifa, taarifa ikapanda ngazi za ofisi, ikamfikia Fraas. Akapanda meli hadi Lindi, akaanza safari ya miguu kuelekea bara akiwa pamoja na Sattler na wapagazi.

Kuifuata njia hiyo leo kutoka Shishiyu, mkoani kwetu Simiyu, ni kuvuka nchi nzima kwa mshazari. Reli ya Malampaka, iliyofika Mwanza mwaka 1928, inakushusha Tabora kisha Dar es Salaam. Kutoka hapo ni basi la kusini: Rufiji na daraja lake la Mkapa lililofunguliwa mwaka 2003, Somanga, Nangurukuru, kisha minazi na mikorosho mpaka Lindi. Graniti inabaki nyuma mapema. Kadiri unavyosogea pwani mawe yanakuwa machanga, mepesi, ya tabaka, na jicho la mtu wa Usukuma, lililozoea majabali ya mviringo yaliyopandana, linabaki halina pa kushika. Kilima chenyewe kipo kata ya Mipingo, kaskazini-magharibi mwa mji wa Lindi, kilomita 60 hivi kwa mstari ulionyooka. Kimo chake hakitishi. Mgeni asiyeelekezwa angeweza kukipita akitafuta kilima kikubwa zaidi.

Lakini nchi aliyoivuka Fraas mwaka 1907 haikuwa nchi tulivu ya minazi na mikorosho ninayoielezea. Vita vya Majimaji vilikuwa vinamalizikia. Vilianza Julai 1905 katika vilima vya Umatumbi, watu wakiwa wamechoshwa na kodi, viboko na kulimishwa pamba kwa lazima, na vikashuka kusini mpaka vikaigusa nchi hii ya Wamwera. Wajerumani walijibu kwa kuchoma vijiji, mashamba na maghala, na njaa ikaua wengi kuliko risasi. Makadirio ya waliokufa yanaanzia watu 75,000 mpaka kufikia 300,000. Nimekulia katika pamba. Najua jasho la kupalilia na furaha ya siku ya mnada. Sikuwahi kuiwaza kama zao lililomwaga damu mpaka nilipoanza kusoma habari za njia hii, na tangu hapo sikubali tena simulizi ya Tendaguru inayoanza na mzungu na mfupa katika pori tupu. Kama pori lilikuwa tupu, lilikuwa limefanywa tupu miaka hiyohiyo.

Fraas alikuwa mgonjwa njia nzima, tumbo la kuhara damu likimsumbua. Hata hivyo alipofika alichimba, akachora, akafungasha. Mwaka uliofuata, 1908, aliwaelezea wanyama wawili wapya katika maandishi yake, na sehemu ya mguu wa nyuma aliyoichukua ipo Stuttgart hadi sasa, siku hizi ikijulikana kwa jina la Janenschia. Kilichonigusa zaidi ni kwamba hakuona mifupa peke yake. Mtu aliyezoea bahari ya Jurasiki aliona pia magamba ya chaza na vijiti vya mawe vya belemniti, jamaa wa kale wa ngisi, na kwa hivyo aliweza kuhisi kwamba nchi kavu na bahari zilikuwa zimegusana mahali pale.

Waliokuja baada yake walilithibitisha hilo kwa undani. Tabaka za Tendaguru zimepangwa kama mikeka: mkeka wa mifupa ya dinosaria, juu yake mkeka wa mchanga wa bahari, tena dinosaria, tena bahari, mpaka tabaka tatu kubwa za mifupa zilizotenganishwa na kufunikwa na mchanga wenye viumbe vya maji ya chumvi. Katika tabaka za bahari wamo chaza wa jamii ya Trigonia, konokono, amoniti, belemniti. Wakati huo, miaka milioni 150 hivi iliyopita, Madagaska na Bara Hindi zilikuwa zimeshaanza kujitenga na Afrika na maji yalikuwa yameingia katika mwanya. Ufuo ulikuwa papa hapa. Bahari ilijaa na kupwa juu ya tambarare za tope, nyuma yake kulikuwa na mabwawa ya pwani yenye maji yaliyotulia, na nyuma zaidi misitu ya misonobari iliyowalisha wanyama wenye shingo ndefu kupita twiga yeyote. Bahari ilipopanda, ufuo ulizama na chaza wakajenga juu ya makaburi ya dinosaria. Iliposhuka, dinosaria walirudi.

Kwa nini basi kumbukumbu ya Tendaguru ni ya wanyama wa nchi kavu, wakati Holzmaden inajulikana kwa wa baharini? Jibu liko kwenye kina cha maji. Iktiosauri alikuwa mwogeleaji wa bahari wazi. Maji ya kusini mwetu yalikuwa mafupi, yenye mawimbi, mikondo na viumbe wachimbaji wengi, na mzoga wowote ulioletwa na maji ungetawanywa kabla haujafunikwa. Kule Ujerumani tope lilinyamaza. Hapa mchanga ulikuwa ukihamahama. Bahari ni ya zama zilezile kwa jumla, ila kila sakafu iliweka kumbukumbu ya aina yake, na mtu anayemtafuta reptilia wa baharini anapaswa kwanza kuuliza tope lilikuwaje.

Pwani yetu ya kaskazini inastahili kutajwa hapa, japo kwa ufupi. Mapango ya Amboni, Tanga, yamechongwa na maji ndani ya chokaa ya Jurasiki, chokaa iliyotandikwa na bahari ileile. Na katika miamba ya kale zaidi ya eneo hilohilo, huko Mizimbini, mwaka 1922 F. P. Mennell aliokota mabaki ya mtambaazi mdogo mwenye mkia mpana wa kuogelea. Sidney Haughton alimwelezea mwaka 1924 akampa jina Tangasaurus mennelli. Ni wa kipindi cha Permi, miaka mingi kabla ya iktiosauri wa kwanza, na hana undugu wa karibu nao. Vielelezo vyake vilipelekwa Cape Town. Tanga imo ndani ya jina la mnyama wa majini wa kale kuliko dinosaria wote, na nimekutana na walimu wa sayansi, watu makini kabisa, ambao hawakuwahi kuambiwa.

Fraas aliporudi kwao alizungumza na Wilhelm von Branca, mkurugenzi wa jumba la makumbusho la Berlin. Branca alichangisha fedha kwa matajiri na taasisi, na mwaka 1909 msafara mkubwa ukatua Lindi chini ya Werner Janensch na Edwin Hennig. Uchimbaji uliendelea mpaka 1913. Hapo ndipo njia ya miguu iliyopitwa na Fraas ilipogeuka barabara ya kazi. Mwaka wa kwanza walikuwepo wafanyakazi 170 hivi, baadaye wakafika 500, wengi wakiwa na familia zao, mpaka kambi ikawa kijiji. Mbao zilikuwa adimu, kwa hiyo mifupa mikubwa ilifungwa kwa mianzi, udongo na plasta. Kisha ikabebwa. Hapakuwa na gari wala punda wa kutegemewa katika nchi ya ndorobo, ilikuwa vichwa na mabega, mwendo wa siku nne hivi mpaka bandarini. Mizigo ilihesabiwa kwa maelfu na uzito wote ulizidi tani 200.

Mtu wa kwetu haambiwi upagazi ni nini. Wasukuma na ndugu zao Wanyamwezi walikuwa misuli ya njia ya Tabora na Bagamoyo katika karne ya 19, na majina ya vituo vya misafara bado yanatajwa na wazee. Kwa hiyo niliposimama karibu na njia ya Lindi, ambayo leo kwa sehemu ni mashamba ya mihogo na korosho, sikuwa na kazi ya kuuwazia mzigo. Niliuwazia umbali. Mfupa wa paja uliokaa ardhini miaka milioni 150 ulisafiri siku nne juu ya watu ambao miaka michache nyuma walikuwa wakila mizizi ya porini kwa njaa ya vita. Katika jumba la Berlin, ambako dinosaria mmoja wa Tendaguru mwenye shingo ndefu alisimamishwa mwaka 1937 na leo ana kimo cha mita 13.27, watazamaji wanatazama juu. Wapagazi walitazama chini, kwenye njia, wasijikwae.

Mzee mmoja wa upande wa Mipingo, tulipokuwa tumekaa kivulini, alinisikiliza nikimweleza habari za bahari iliyopanda na kushuka. "Mwanangu, magamba ya chaza tunayaona tukilima," alisema. "Tulipokuwa watoto tuliambiwa ni ya gharika." Nikamwambia ni ya bahari kweli. Akatikisa kichwa taratibu akauliza kama Berlin wameyachukua na hayo. Wameyachukua pia, nilimjibu, lakini hakuna anayepiga nayo picha.

Suala la kurudisha mifupa limeulizwa hata bungeni, na litaulizwa tena. Msimamo wangu ni kwamba tungeanza na kinachowezekana kesho asubuhi: vielelezo vya chaza na belemniti kutoka ardhi yetu wenyewe katika maabara za sekondari za Lindi, Tanga na Simiyu, pamoja na ramani inayoonyesha mahali ufuo ulipokuwa. Mtoto wa Shishiyu ana haki ya kujua kwamba mkoa wake ulikuwa nchi kavu iliyotulia wakati Lindi ilipokuwa ikizama na kuibuka, na kwamba mito iliyoteremka kutoka bara ilipeleka mchanga kuzika wanyama wale.

Njia hii, hata hivyo, haikuishia bandarini. Tawi lake moja linarudi kwetu. Mwaka 1912 uongozi wa uchimbaji Tendaguru ulikabidhiwa Hans Reck, mtaalamu wa volkano, aliyefika na mkewe Ina. Kazi ilipofungwa Reck hakurudi Ulaya moja kwa moja. Mwaka 1913 alielekea kaskazini, kwenye korongo la Olduvai, ambako daktari Wilhelm Kattwinkel alikuwa ameokota visukuku mwaka 1911. Olduvai iko mashariki mwa Simiyu, ng'ambo ya nyika ya Serengeti. Reck alikaa huko miezi kadhaa, akakusanya mifupa ya wanyama na kupata mifupa ya binadamu iliyozua ubishi mrefu juu ya umri wake. Na Waingereza walipofungua upya machimbo ya Tendaguru mwaka 1924 chini ya William Cutler, ambaye malaria ilimuua Lindi mwaka uliofuata, msaidizi wake alikuwa kijana Louis Leakey. Leakey na Reck walikwenda Olduvai pamoja mwaka 1931. Korongo ambalo watalii wanalifuata leo kwa habari za chanzo cha binadamu lilisomwa mwanzoni na watu waliojifunza kuchimba kwa Wamwera na majirani zao kusini.

Kati ya waliofundisha kazi hiyo kwa mikono, anayejulikana zaidi kwa jina ni Boheti bin Amrani. Alikuwa msimamizi mkuu wa wachimbaji katika msafara wa Kijerumani, fundi wa kutambua mfupa ungali ndani ya udongo na wa kuutoa bila kuuvunja, na Waingereza walipokuja walimtafuta yeye. Fraas, aliyewafunulia watu mkia wa iktiosauri, alikufa mwaka 1915, afya yake ikiwa haijarudi tangu ile safari ya Lindi. Sattler na Branca waliingia vitabuni mapema, na yule mnyama wa mita 13 akapewa hata jina la Branca. Boheti alisubiri mpaka 2007, mwaka ambao mtaalamu Kristian Remes alichunguza upya pingili mbili za shingo za dinosaria mwenye shingo ndefu, zilizochimbwa Tendaguru takriban miaka 100 kabla na kuwekwa Berlin, akaona ni za mnyama ambaye hakuwa bado na jina. Alimwita Australodocus bohetii.